Banda la ng'ombe na ndama pamoja: kona ya ndama imekamilika, sasa ratiba ya kunyonya

Paa na sakafu vilishaisha. Kazi ya awamu hii ni kona ya ndama, yaani sehemu ndani ya banda ambayo ndama huingia na mama hawezi. Bila hiyo, ndama hukanyagwa, hunyang'anywa chakula na hulala kwenye samadi ya wakubwa.

Mlango wake ni nguzo mbili za bomba: moja imezikwa kwenye zege, nyingine husogezwa na kukazwa kwa nati. Nafasi ya kuanzia ni sentimita 40. Kipimo kichukuliwe mabegani mwa ng'ombe mdogo kuliko wote, si nyongani. Ng'ombe akishapitisha kichwa na mabega ataendelea kusukuma hadi tumbo linase, na hapo kumtoa ni kukata bomba. Ndama wakikua, nguzo inasogezwa kidogo kidogo.

Ndani kuna matandiko ya majani makavu, kina cha sentimita 20. Kuyapima ni rahisi: piga magoti juu yake kwa nusu dakika, suruali ikilowa, ongeza. Kama banda lina kikwanguzi cha samadi kinachojiendesha, kizimwe na kuendeshwa mtu akiwepo, kwa sababu ndama mchanga hulala popote, hata njiani mwake.

Chumba cha kuzalia ni mita 4 kwa 4. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, inywewe ndani ya saa 2 za mwanzo, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa ndama, maana uwezo wa utumbo kupitisha kinga hupungua kila saa na hufungwa ndani ya siku moja. Msiamini tu kwamba ndama aliye na mama yake amenyonya. Kiwele kikining'inia chini sana, ndama hutafuta chuchu juu na kuikosa. Huyo akamuliwe mama yake na anyweshwe kwa chupa.

Ratiba iliyochaguliwa: pamoja mchana, mbali usiku, kukamua asubuhi kabla ya kufungua lango. Tatizo kubwa liko hapa. Ng'ombe aliyezoea ndama hubana maziwa kwenye mashine, kwa kuwa oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, haitoki vizuri. Maziwa ya mwisho, yenye mafuta mengi kuliko yote, hubaki kiweleni, hivyo kipimo cha mafuta hushuka hata kama ng'ombe ana afya njema. Papasa robo zote nne za kiwele baada ya kukamua. Na kabla ya kumlaumu ng'ombe kwa maziwa ya tangi kupungua, kumbuka ndama aliyeachwa huru anaweza kunywa lita 10 au zaidi kwa siku.

Ng'ombe wote wanapimwa ugonjwa wa Johne, ugonjwa sugu wa utumbo, kabla ya kuingia. Vimelea vyake hupita kwenye samadi na maziwa, na ndama ndio huambukizwa kwa urahisi zaidi. Aliyeonekana nao hakai humu.

Awamu inayofuata ni uzio wa kuachisha. Ndama atavishwa kwanza kizuizi cha puani, anakaa na mama lakini hanyonyi. Kisha watatenganishwa kwa uzio wanaoweza kugusana puani. Sharti la kuanza: awe anakula kilo 1 ya chakula cha nguvu kwa siku, siku 3 mfululizo. Anayeshiba maziwa huchelewa kula, na akikatwa kabla ya tumbo lake kuzoea chakula kigumu, uzito hushuka.