Pua ya Bibi, Msimu wa Karafuu

Msimu ule nilifika Wete, kisiwani Pemba, mchana, majamvi ya karafuu yametandazwa hadi pembezoni mwa barabara. Nilipoingia uani kwa bibi, harufu ile tamu ikakatwa na nyingine: gesi. Bibi alikuwa jikoni, ameketi juu ya kibao, mpira wa mtungi umelegea nyuma yake, kibiriti mkononi.

"Bibi, usiwashe!"

Nikafunga mtungi, nikafungua milango na madirisha, nikamtoa nje. "Kwani kuna nini, mwanangu?" aliniuliza. Hakuwa akisikia harufu yoyote.

Mama mdogo alipotokea akaanza kulalamika kwamba bibi siku hizi hayuko makini. Maneno yale yaliniuma, kwani hayakuwa ya haki. Gesi ya kupikia yenyewe hainuki. Hutiwa makusudi kemikali yenye salfa ili uvundo wake utuonye ikivuja. Onyo hilo linategemea pua, na pua ya bibi imezeeka. Juu kabisa ndani ya pua zimo seli za neva zinazonasa harufu. Hufa na kuzaliwa upya maisha yetu yote, ila uzeeni nyingi hufa bila kupata za kuzirithi. Mambo haya huenda polepole mno, mwenyewe asijue. Macho yakififia mtu hutafuta miwani. Pua ikififia, nani atamwambia?

Tukakaa barazani. Nilikuwa nimemletea kikuba cha asumini, mrehani na mkadi. Akakisogeza puani, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Mkadi nausikia kwa mbali. Asumini siisikii kabisa."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusimulia usiku wa kuchambua karafuu alipokuwa mtoto, hajafika hata miaka 10: taa ya mafuta, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu, karafuu upande ule. Mvua ikizuia kuanika, baba yake alimwamsha akazinuse, maana karafuu mbichi zikirundikwa huchemka na harufu yake huwa chachu. Alinieleza uchachu ule kama aliyeunusa asubuhi hiyo. Wataalamu wanasema kumbukumbu zinazoamshwa na harufu aghalabu ni za umri huo hasa, na kwamba harufu ina njia fupi ya kufikia sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu. Mimi nilimsikiliza bibi tu, na niliamini kila neno.

"Na chakula, bibi?"

"Siku hizi samaki hana ladha. Nikisema, wanadhani nakataa mapishi yao."

Mama mdogo akanyamaza kidogo. "Kumbe ndiyo maana kila siku unaniambia mchuzi wangu maji matupu?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mama mdogo akainuka, akakoroga sabuni kwenye kikombe, akaenda kupaka povu kwenye maungio ya mpira kutazama panapotoa mapovu. Jioni ile jiko likahamishiwa uani, penye upepo, na kibiriti akakichukua yeye.