Pawa mita, mguu wa kushoto na upepo wa Kisongo

Nimekaa na pawa mita ya baiskeli miezi nane sasa na washkaji wa kundi letu la Jumapili wamenichosha, kila siku meseji, "braza inafaa?", "umenunua shingapi?", "inaongeza spidi?", kwa iyo leo naandika mara moja alafu nikiulizwa tena natuma linki. Jibu la haraka: spidi haiongezi. Ukiifunga asubuhi jioni we ni yule yule, mapaja yale yale.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, mita inapima wati, yani nguvu unayokanyagia pedeli pamoja na kasi unayozungusha. Ndani ya chuma kuna vipande vyembamba vimegundishwa vinahisi chuma kikipinda, na kinapinda kweli kila ukikanyaga, we huoni tu. Sio kitu cha jana, Mjerumani Ulrich Schoberer alianza na mita yake ya SRM mwaka 1986 na Greg LeMond alikuwa kati ya mapro wa mwanzo kuitumia, ila enzi hizo ilikuwa ya wenye hela zao. Siku hizi zipo za kwenye pedeli, za kwenye habu ya nyuma (kitovu cha tairi), za kranki (ule mkono unaoshika pedeli) pande zote mbili, na kuna ile yetu sisi wa mifuko myepesi, mkono wa kranki wa kushoto peke yake. Hiyo inapima mguu wa kushoto inazidisha mara mbili basi, inachukulia wa kulia unafanya kazi sawasawa. Kumbuka hilo maana lilikuja kunitesa.

Yangu nilipata yuzd kwa jamaa aliyekuwa anahamia ya pande mbili, laki sita na nusu. Angalia mambo mawili kabla hujatoa hela: urefu wa kranki uwe kama wako (yangu ni milimita 170) na aina iendane, mi natumia Shimano zile za Hollowtech II zenye boliti mbili pembeni. La tatu, ile kidude cha mita kinakaa upande wa ndani wa kranki, kwenye fremu zingine kinagusa. Mi nilipima kwa sarafu ya mia mbili, ikapita kati bila kukwaruza, nikasema twende.

Kufunga sasa. Video zote wanasema dakika kumi. Mimi ilinichukua Jumamosi nzima na sehemu kubwa ya hiyo Jumamosi niliimaliza kwenye pedeli ya zamani maana ilibidi niitoe kwanza niihamishie kwenye kranki mpya. Nikavuta, haitoki. Nikaweka WD-40, haitoki. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye spana nipate urefu, nikaning'inia mpaka baiskeli ikataka kuniangukia, na dogo wa jirani, yule anayeshinda kwa fundi pale Kilombero wikiendi, amekaa kwenye ngazi anakula muwa ananiangalia tu. Baadaye sana ndo anasema, "Braza, si ya kushoto hiyo? Ya kushoto inafunguka kinyume." Yani nusu saa nzima nilikuwa naikaza. Nina miaka sita kwenye baiskeli na najiitaga mtu wa baiskeli.

Iliyobaki ni rahisi ukiwa na vifaa. Unalegeza boliti mbili kidogo kidogo kwa zamu na alenki namba 5, unatoa kifuniko cha plastiki (kina kifaa chake, usitumie bisibisi utakila meno), unanyanyua kile kiplastiki cha usalama chenye pini, mkono unatoka. Kurudisha unafanya hayo hayo kinyumenyume, kifuniko unakibana kwa vidole tu mpaka mchezo wa kulia kushoto uishe, alafu boliti. Hapo kwenye boliti Shimano wanataka 12 mpaka 14 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) na mimi spana ya kupimia sina, nikakaza kwa hisia. Hisia zikaniumbua Ngaramtoni, kt kt kt kila nikikanyaga na wati zinaruka ruka, mara 90 mara 480, nikarudi nyumbani taratibu kwa mguu mmoja kwa kuogopa kula yale meno ya kranki. Boliti moja ilikuwa imebeba kazi yote, nyenzake ipo ipo tu. Zikaze kwa zamu, hii, ile, hii, ile, mpaka zote zisonge, na kama unajua mtu mwenye spana ya kupimia kamuazime, usione aibu.

Alafu kuna kuiweka sifuri kabla ya kutoka, kranki inaelekea chini, mguu usiwe juu ya pedeli, unabonyeza kwenye kompyuta ya baiskeli basi. Nilikuwa nafanya sebuleni. Julai Arusha saa kumi na moja na nusu alfajiri nje kuna baridi la kukata masikio na chuma kikipoa hesabu zinahama, sa hivi naitoa nje, nakunywa chai, nikirudi ndo naiseti.

Haya, kutumia. Wanaopita Kisongo wanajua ninachosema: ukitoka Arusha mjini kwenda Monduli barabara inashuka na upepo unakusukuma mgongoni, unajiona bingwa, kilomita 38 kwa saa bila jasho. Kurudi upepo huo huo usoni, barabara inapanda, unaenda 19 na unaanza kufikiria kuuza baiskeli. Kwa miaka yote nilikuwa naamini nina tatizo la kuishiwa, nikala ndizi zaidi, nikabeba maji zaidi. Siku ya kwanza na mita nikakuta kwenda natoa wati 150 na kurudi 210! Kumbe pale ninapojiona mzembe ndo nafanya kazi kuliko pote, na pale bingwa nilikuwa nabebwa.

Ila kilichoniuma zaidi ni grafu ya mlima wa kutoka njia panda kuingia Monduli mjini. Dakika tatu za kwanza nilikuwa juu ya 340, nawafukuza vijana, alafu inaanguka kama ukuta wa matofali mabichi mpaka 170 na inakaa huko huko mpaka juu. Hiyo ndo nilikuwa naiita "siku mbaya". Nilikuwa nayo kila Jumapili hiyo siku mbaya. Wiki iliyofuata nikajilazimisha 225 tangu chini, ilikuwa nyepesi mpaka nikaona haya, wenzangu wananiacha na mmoja anapiga kelele "mzee leo vipi!", nikameza. Katikati nikaanza kuwaokota mmoja mmoja. Kutoka dakika 41 mpaka 37, na sikuwa nimeongeza chochote mwilini, nimeacha tu ujinga wa mwanzo.

Hapo hapo ndo nikafanya testi ya dakika 20, ile unatoa kila ulichonacho unachukua wastani mara 0.95, unapata makadirio ya wati unazoweza kushikilia kama saa nzima. Ya kwanza iliharibika, nilianza na 290 na dakika ya tisa nikafa, na hata nisingekufa kulikuwa na ng'ombe wanavuka na mwenye ng'ombe hana haraka. Ya pili nikapata 231, kwa iyo 219, na nina kilo 78, inakuja wati 2.8 kwa kilo. Nikanuna. Nilijua kabisa nafika 3.

Sasa mguu wa kushoto. Goti langu la kushoto niliumia mpirani zamani, nikasahau. Juzi jamaa yangu wa Moshi akaniazima pedeli zake zenye mita pande zote (ukiazima kumbuka kuingiza urefu wa kranki yako kwenye programu), nikakuta kushoto asilimia 46, kulia 54. Piga hesabu, nikitoa 200 za kweli mita yangu inachukua 92 inazidisha mbili inasema 184. Nikairudia ile 219 nikagawanya kwa 0.92, 238, nikavuka 3 nikiwa nimekaa kwenye kochi na kikombe cha chai. Kwa mazoezi haisumbui sana kwa sababu inakosea vile vile kila siku, ila ukitaka kujilinganisha na mtu mwingine mita ya mguu mmoja inaleta ugomvi tu.

Vidogo vidogo: seti skrini ionyeshe wastani wa sekunde 3, ya papo hapo inarukaruka utaikodolea macho upande tuta, mi nimeruka moja pale Sakina nusura nimalizie kwenye bodaboda. Betri ni ile ya duara CR2032, za bei chee zinakata wiki mbili. Masika ikikunyeshea fungua kifuniko cha betri ukaushe.

Jana dogo wa muwa kaja anataka na yeye apimwe. Pedeli zangu ni za viatu maalum na yeye ana kandambili, kwa iyo akachukua spana akafunga za kawaida mwenyewe, ya kushoto kinyume, bila kuniuliza. Akatoka mbio mpaka kwenye duka la mangi na kurudi. Nikaangalia ya juu kabisa: 870. Mimi rekodi yangu ni 790.

"Braza, hizo ni nyingi?"

Nikamwambia hii mita inapima mguu mmoja tu, haiaminiki.