Vibarua hatumo kwenye orodha

Jana usiku king'ora kililia ghalani, tukatoka mbio hadi kwenye maegesho, baridi inakata masikio. Msimamizi akafungua orodha, akaita majina, akamaliza. Zimamoto walipofika akawaambia wote wametoka. Sisi vibarua tulioletwa na wakala wa ajira tukatazamana: hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa.

Nikamfuata. "Bosi, na sisi je?" Akajibu bila kuinua macho kwamba sisi tuko kwenye orodha ya wakala. Iko wapi? Ofisini. Na ofisi ndiko moshi ulikokuwa unatokea!

Wa kushukuriwa ni mama mmoja wa usafi. Ana kijidaftari cha mfukoni, huandika nani anafanya kazi upande gani ili ajue pa kuanzia kupiga deki. Akatusoma mmoja mmoja. Kijana wa chumba cha baridi hakuitika. Zimamoto wakaingia, wakamkuta mzima, vizibo masikioni, mafeni yanavuma, anapanga makatoni. Hana habari.

Mnaoota kuja huku Marekani mkidhani kila kitu kimenyooka, nisikilizeni. Sheria ipo. Kanuni za OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, zinataka mpango wa dharura uwe na utaratibu wa kujua waliko wafanyakazi wote baada ya kutoka jengoni. Wote, jamani. Tena hii ni nchi ambayo kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York mwaka 1911, mlango wa ngazi ukiwa umefungwa kwa ufunguo, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Wahamiaji kama sisi.

Basi siku ya kwanza kazini, kabla hujauliza mshahara unaingia lini, uliza: tukitoka nje kwa dharura, jina langu anaita nani? Mjue unayefanya naye kazi karibu. Asipoonekana nje, mwambie zimamoto alikuwa upande gani. Usirudi ndani kumtafuta wewe. Na ukiondoka kabla ya shifti kuisha, aga na ugonge kadi. Usipofanya hivyo, jina lako litaitwa bila jibu, na zimamoto wataingia motoni kumtafuta mtu aliyelala kwake.

Wakala nimewaandikia asubuhi kuhusu orodha yao. Mpaka sasa kimya, ila ujumbe wa kuniuliza kama naweza kuongeza shifti ya Jumamosi umefika.