Boti ya marehemu baba, wiki ya saba: mataruma, yaani mbavu zake

Tulipoipandisha pwani hapa Matondoni, Lamu, kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote, niliamini kazi yote iko chini, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, na mbao zinazokaa majini. Ni boti ya futi 28, mbao za mbambakofi, injini ya dizeli ndani. Tangu baba afariki ilikaa nangani miaka minne ikinyeshewa. Fundi akaigonga kwa nyundo ubao mmoja mmoja, omo hadi tezi, mbele hadi nyuma, na kote chini mti ukalia kwa sauti ngumu. Alipofika juu, chini ya sitaha, nyundo ikazama kama kwenye papai bivu.

Mvua ndiyo iliyoila. Maji ya chumvi huuhifadhi mti, lakini ya mvua yalipenya nyufa za sitaha yakatuama kwenye vichwa vya mataruma.

Tumetoa mataruma sita. Mapya ni ya mkomafi, na kila moja lina pindo lake la kuzaliwa nalo, maana taruma lililochongwa kwa kupinda kutoka ubao ulionyooka nyuzi zake zimekatwa, na hupasuka palepale penye kona. Kutafuta pindo linalolingana na la zamani kulitumaliza siku kumi na moja. Sijutii hata moja.

Jana tumeanza kalafati, kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Mbao zimekauka, mianya imepanuka, nami nikawa nashindilia pamba kwa nguvu zangu zote mpaka fundi akanishika mkono. Boti ikirudi majini mbao hunywa maji zikafura. Mwanya ulioshindiliwa mno ukiwa mkavu haubaki na nafasi, na ubao waweza kusukumwa ukabanduka kwenye taruma. Nikang'oa pamba ya futi tisa, nikaanza upya. Sasa mchana naifunika boti kwa makuti jua lisizidi kuikausha.

Injini bado sijaigusa. Shafti inazunguka kwa mkono, ila pakini yake, ya kuzuia maji yasiingie, imekuwa unga, na mbao za karibu na fashini, ule mti wa nyuma, zimelegea kuliko zote kwa mtikisiko wa miaka.

Deheni tutapaka siku moja kabla ya kuishusha, chokaa na shahamu kama alivyopaka baba. Nangoja bamvua la mwezi mpevu. Tutaiacha kwenye maji machache ivuje na kufura, nami nitalala ndani na taa na ndoo, nikipima maji ya ngama, yanayotuama chini ndani ya boti, kila saa.