Usimuulize bibi "Unanikumbuka?"

Mgeni akiingia tu, swali ni hilohilo: "Bibi, unanikumbuka?" Bibi akikosa jibu anaona aibu. Wakija wengine ananyamaza, nasi tunasema ugonjwa wake wa kusahau (demensia) umezidi. Jitaje mwenyewe: "Shikamoo bibi, ni Asha wa Mariamu, nimekuletea ndizi."

Ipo tiba ya demensia isiyo na kidonge, iitwayo kwa Kiingereza Cognitive Stimulation Therapy (CST), inayofuata njia hiyo: mzee haulizwi anakumbuka nini, anaulizwa anaonaje. Mwanasaikolojia Aimee Spector na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya tiba hiyo Uingereza mwaka 2003, kisha ikarekebishwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Ni vikao 14 vya dakika 45 hivi, viwili kwa wiki, kwa wiki 7. Kundi liwe la watu watano hadi wanane ambao ugonjwa wao ni wa mwanzo au wa kati. Aliyekwisha kulemewa utamchosha bure.

Kila kikao hufunguliwa vilevile: majina, wimbo wa kundi, leo siku gani, kurushiana mpira mwepesi. Halafu mada, mathalani chakula. Weka iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, kila kimoja kwenye kisahani chake. "Hii ni nini?" ni mtihani. Uliza, "Pilau ikikosa kipi si pilau tena?" Watanusa, watabishana, na jina lililogoma huenda likatoka katikati ya ubishi. Siku ya pesa, leta sarafu za zamani mjadili bei ya sukari ya enzi zao.

Kinachoharibu ni papara. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Binti anayemjibia mama yake akae nje (kwa upole, lakini akae nje). Zima redio, hakikisha miwani imevaliwa, asiyesikia vizuri akae karibu nawe. Wengi huchangamka zaidi asubuhi.

Toleo la nyumbani, mlezi na mgonjwa wawili tu, nusu saa mara tatu kwa wiki, nalo limejaribiwa Uingereza. Kumbukumbu haikuimarika, ila wagonjwa walisema wanaelewana vizuri zaidi na walezi wao. Kwangu hilo si dogo.

Lakini mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui alipo, usimletee mpira wala iliki. Mpeleke hospitali leo hii: huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria au upungufu wa maji mwilini.