Taa ya kijani kwenye madabodi

Jumatatu asubuhi dada mwenye steshenari mtaa wa pili alikuja na kompyuta yake ya mezani ameikumbatia. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kulipokucha akabonyeza kitufe: kimya. Feni haizunguki, mlio hakuna. Fundi wa kwanza hakuifungua hata boksi. Alimwambia madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, aandae laki mbili. Kwa duka linaloishi kwa kutoa kopi, hiyo ni fedha ya miezi.

Nilichomeka waya, nikatoa mfuniko wa ubavuni. Taa ndogo ya kijani kwenye madabodi ilikuwa inawaka. Nikapata matumaini.

Wengi huamini kompyuta iliyozimwa haina umeme. Inao. Maadamu waya uko ukutani na swichi imewashwa, pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, hupeleka volti 5 za kusubiri, zilishe saketi inayongoja kidole chako. Ukichomoa waya, kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, hubaki na chaji kwa muda. Sasa umeme ukirudi kwa kusuasua, saketi hiyo inaweza kukwama njiani, haijazima wala haijaamka. Ukibonyeza haikusikii. Na kwa kuwa kile kiumeme hakijaisha, haipati nafasi ya kuanza upya.

Kwa hiyo nilichomoa kila kitu: waya wa umeme, wa skrini, wa printa, hadi kipanya. Printa na skrini zina umeme wao, na kidogo huweza kupenya kupitia nyaya. Nikashikilia kitufe cha kuwashia huku nikihesabu mpaka 30. Taa ya kijani ikafifia, ikazimika. Nikarudisha waya wa umeme peke yake, nikabonyeza. Feni ikazunguka. Dada akakaa chini kwenye benchi, hakusema kitu.

Kwa laptopu chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe vivyo hivyo. Kama betri imefungiwa ndani, baadhi zina kitundu kidogo chini cha kusukumwa kwa pini. Nyingine huenda zikahitaji kufunguliwa.

Si kila ugonjwa unapona hivi. Ikinuka kuungua, au kapasita zimevimba vichwa, usiichomeke tena. Ikiwaka kisha ikalia mlio wa kurudiarudia, anza kukagua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Na tafadhali, pawasaplai yenyewe usiifungue: kapasita yake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kukupiga hata baada ya waya kuchomolewa. Hilo naliogopa kwa dhati, hasa kwa vijana wanaojifunza peke yao na bisibisi ya kuazima.

Dada nilimsihi: umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, usubiri urudi na utulie.

Alhamisi umeme ulikatika tena, akasahau. Akanipigia simu, nyuma yake nasikia wanafunzi wanaulizia kopi zao. "Kaka, nimechomoa nyaya zote, nimeshikilia. Nimefika ishirini na tano, niendelee?"