Siku moja na lenzi ya 85mm mkononi, Mji Mkongwe

Saa 11 alfajiri. Nasali, napiga chai, afu nafuta lenzi za kamera, maana hapa Unguja hewa ya chumvi haina huruma. Begini zinaingia lenzi mbili, 50mm na 85mm (namba kubwa ndo lenzi ndefu, inavuta zaidi), zote f/1.8, yani tundu la mwanga linafunguka sana (namba ya f ikipanda tundu linabana), basi. Zoom inabaki nyumbani inanilemea bure.

Saa 1 asubuhi. Jaws Corner, kijana anataka picha ya profaili, wazee washakaa barazani na kahawa zao. Kufika tu kaenda kuegemea ukuta, sijui kwa nini kila mtu anafanya hivo. Kaka toka hapo, njoo mbele, njoo tena, mpaka nyuma yake ukabaki mtaa mzima. Watu wanadhani ule ukungu wa nyuma ya mtu kwenye picha unanunuliwa pamoja na lenzi, kumbe ukimbandika mtu ukutani hata f/1.8 itaonesha kila ufa wa chokaa. Fungua apacha (lile tundu la mwanga), tumia lenzi ndefu, msogelee, sawa, lakini pia mtoe mbali na kilichopo nyuma yake, na hilo wala haliuzwi dukani.

Saa 4. Dada mmoja anauza viungo mtandaoni, vichupa vya iliki na karafuu, kaniambia "nipigie ile nyuma ukungu-ukungu". Sawa, ila bidhaa ndogo ni kesi nyingine kabisa. Na 50mm nipo kama sentimita 45 kutoka kwenye chupa, kwa f/1.8 sehemu kali, ile isiyo na ukungu, haifiki hata sentimita moja, yani lebo inasomeka katikati tu, pembeni inapozungukia chupa herufi zinayeyuka. Nikaenda f/8, nikapata kama sentimita 4, lebo yote inasomeka na mkeka wa nyuma bado laini kwa sababu tuko karibu mno. Dada kafurahi, kanifungashia na mdalasini.

Saa 7 mchana. Jua la utosi, na kuna wachumba wanataka mlango wa nakshi kule Shangani. Kwa jua hili, ISO 100 (usikivu wa chini wa mwanga) na f/1.8, shata inabidi ifunguke na kufunga kwa kama 1/8000 ya sekunde, na kamera nyingi za bei ya kawaida zinaishia 1/4000, ndo maana natembea na kile kioo cheusi cha ND kinachopunguza mwanga. Ila leo sikukifunga. Bwana kashikilia nyuma ifutike yote, mi nikamuuliza, shemeji, umemtoa mwenzio Mwanakwerekwe kuja kwenye mlango wa misumari ya shaba halafu misumari isionekane? Nikapiga f/5.6, wamesimama karibu na mlango, nakshi inasomeka. Kufuta kila kitu ni uvivu tu siku hizi.

Saa 12 jioni, Forodhani. Hapa sasa ndo nafungua lenzi mpaka mwisho! Jua linazama, vibanda vya urojo na mishikaki vimewasha taa, nawaweka wale wale wachumba mbali na vibanda, 85mm, mita 2, na kila taa inageuka duara kubwa la dhahabu nyuma ya mtandio wa yule mchumba wa kike. Lakini kwa mita 2 kwenye kamera ya fulfremu (yenye sensa kubwa) una sentimita 6 tu za ukali, kwa hiyo akigeuza uso kidogo jicho la mbali linaanza kulainika, fokasi ikae jicho la karibu na mtu asipumue kwa mbwembwe. Wawili wakikaa mmoja mbele mmoja nyuma mmoja atapotea, nawapanga vipaji vya nyuso vigusane, afu nabana tundu hadi f/2.8 kwa usalama. Mdogo wake huyo mchumba naye kajaribu kwa simu, hali ya potreti (simu yenyewe inatia ukungu nyuma), simu imekata tamvua za mtandio utadhani zimeliwa na panya. Simu inakisia ukingo uko wapi, na vitu vyembamba kama tamvua na nywele vinaitesa.

Saa 4 usiku. Nachagua picha, chai ya pili, umeme upo leo alhamdulillahi. Shemeji kashaandika WhatsApp: anataka ile ya mlangoni ndo iwe ya kadi ya harusi, halafu anauliza kama naweza kumtoa muuza madafu aliyepita nyuma kule Forodhani. Nimemjibu aikuze picha aitazame tena, ile ni shati ya njano tu, hata mama yake mzazi hawezi kumjua.